Kisha radio ya tumbo, usirudi mu shimo na kiu

Wandugu wachimbaji wa Butembo na Beni, pamoja na wamama wa nyumba zetu,

Mwaka uliopita mwenzetu mmoja alitumwa lopitali juu ya maumivu ya tumbo. Walimunywesha dawa nyeupe, nzito kama chokaa, inayoonyesha njia ya chakula kwenye radio. Kesho yake bosi akamwita, akashuka mu shimo: joto, jasho, bidoni moja ya maji kwa watu sita. Siku tano hakuenda choo. Tumbo likavimba kama ngoma. Tulimurudisha na pikipiki, na kidogo tu wamupasue.

Ile dawa inaitwa bariyumu. Sisi watu wa mawe tuielewe: inatoka mu jiwe zito linaloitwa bariti. Haiyeyuki mu maji, kwa hiyo haiingii mu damu. Inapita tu na kutoka na choo cheupe. Wengi wanainywa bila shida. Lakini utumbo ukikosa maji, inakauka ndani na kuziba njia, kama udongo ulioporomoka mu shimo.

Kuko hatari ingine, haba lakini kali. Utumbo ukiwa umetoboka, bariyumu inavuja ndani ya tumbo na inaweza kuua. Tusiseme matumbo hayatobokagi kwetu: Kinshasa, mwisho wa 2004, homa ya tifoidi ilitoboa matumbo ya mamia ya watu. Basi mwambie munganga yote: homa, maumivu ya gafula, tumbo gumu kama ubao. Akiogopa tundu, ataacha bariyumu na kutumia dawa ingine inayoyeyuka mu maji. Usifiche kitu juu ya kuogopa fakture.

Sasa neno kwa wakubwa wa mashimo. Sheria ya kazi ya 2002 inamulazimisha mwajiri kutunza mfanyakazi mgonjwa na jamaa yake. Munasema mchimbaji hana kontra. Mbona dhahabu yake munaipokea bila kuuliza kontra? Tunadai hivi: kisha radio ya namna hiyo, siku tatu za kupumzika, maji ya kutosha, na makuta ya pikipiki.

Na wewe ndugu, kunywa maji sana, isipokuwa munganga amekukataza. Siku mbili bila choo, ama ukitapika, rudi lopitali. Bosi atapata mchimbaji mwingine kesho asubuhi. Watoto wako hawatapata baba mwingine.