Hema la Mwenye Wapagazi

Hema zito lilibuniwa na mtu ambaye hakulibeba mwenyewe. Joseph Thomson alipofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, akapita katika nchi ya Wanyakyusa, yeye alishika njia na wapagazi wakashika mizigo. Katika misafara ya siku zile mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 au zaidi kidogo, yaani karibu kilo 30, na hema la bwana lilikuwa mojawapo ya mizigo hiyo. Mtu wa namna hiyo angejali nini kama hema lake lina paa mbili, sakafu, dirisha na kibaraza? Angeliweza hata kuongeza meza. Hata leo, pale Kilimanjaro, sheria imebidi iweke kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgeni anaoubeba mpagazi. Kama mizigo ingekuwa mgongoni mwa wenyewe, sheria hiyo isingehitajika, kwani mgongo ungejitungia sheria yake.

Nayasema haya kwa sababu nimechoka kusikia hapa kwetu Tukuyu kwamba mtu hawezi kuwalaza watoto wake mlimani mpaka awe na "hema la kweli". Wanaosema hivyo ni watu wa heshima zao, wengine wamesoma, wengine wana magari. Na hapo ndipo penye siri: hema lao hulala katika buti la gari, hutolewa hatua kumi kutoka barabarani, na hawajawahi kupanda nalo mteremko wa Rungwe, mkono mmoja umemshika mtoto wa miaka sita anayelia kuwa viatu vinambana.

Tupige hesabu, maana ubishi usio na hesabu ni kelele. Hema la familia la watu wanne, lile la duara lenye vijiti vya kupinda, huwa na uzito wa kilo 5 hadi 9. Likilowa, na kwetu litalowa, huongezeka. Ongeza mablanketi ya watu wanne, sufuria, chakula cha siku mbili, maji, nguo za kubadili za watoto. Nani anabeba? Baba ana shanta moja. Mama ana shanta ya pili, na mtoto mdogo akichoka atapanda juu ya shanta hiyo. Wenye akili hutazama rundo lile uani, wakasema twende mwaka ujao. Wenye fedha humwajiri kijana wa kijijini alibebe, na hapo tumerudi kwa Thomson.

Matokeo yake tunayaona. Mlima wenye urefu wa karibu mita 2,960 umesimama juu ya vichwa vyetu, na watoto wetu wanaujua kama wanavyoujua mwezi. Mwaka 2003 watafiti walimwona kipunji katika misitu ya Rungwe, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kuwa kuna nyani mpya. Mpya kwa nani? Jina lenyewe la kipunji walilipata kwa Wanyakyusa, kwa wazee waliokuwa wakilala msituni. Mtoto wa leo wa Tukuyu akimwona kipunji, humwona katika picha. Ziwa Ngosi, ambalo kutoka kijiji cha Isongole si safari ya kumwua mtu, wengi hulijua kwa habari za nyoka na mizimu tu. Wenyeji tumebaki wapita njia wa barabara ya Mbeya.

Basi mimi natetea turubai. Najua neno hilo linavyopokewa. Turubai likifungwa uani kwa mtu, swali la kwanza ni "kuna msiba?" na la pili ni "au harusi?" Wenye kukumbuka mwaka 1994, Wanyarwanda walipovuka Rusumo kwa mamia ya maelfu kuingia Ngara, wanakumbuka vilima vilivyogeuka rangi kwa maturubai ya plastiki. Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu, aliniambia, "Mwanangu, utawalaza wajukuu wangu kama wakimbizi?" Nilimjibu kwa adabu kwamba wale watu walilaza watoto wao chini ya turubai kwa miezi na miezi, si kwa usiku mmoja, na kitu kilichoweza kazi ile si kitu cha kudharauliwa. Hakupendezwa, lakini hakunijibu.

Ila si kila turubai, wala si kila namna ya kulisimamisha. Ukilitundika juu ya kamba kati ya miti miwili, unapata paa lenye mbavu mbili pana na ncha mbili wazi. Upepo ukigeuka usiku, mvua inaingia mlangoni bila hodi. Ninalolitetea ni la umbo la piramidi: pande nne zinashuka kutoka kilele kimoja hadi ardhini, katikati nguzo moja. Upepo wa upande wowote hukuta ukuta ulioinama ukapanda juu. Maji hayana mahali pa kutuama. Na nguzo ni moja! Vijiti vya hema la duara vikivunjika, hakuna duka la Tukuyu litakalokuuzia kingine. Nguzo ya piramidi ni mwanzi, na katika wilaya hii nani amekosa mwanzi? Ukate shambani kwako, si mlimani, kwa kuwa msitu wa Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009, na hata kulala humo kunataka kibali. Mwanzi mkavu wa mita moja na sentimita 60 mchana ni fimbo ya kutembelea, usiku ni nguzo ya nyumba. Robert Falcon Scott na wenzake walilala Antaktika katika mahema ya piramidi yenye nguzo za mianzi. Walikufa mwaka 1912, ni kweli, kwa njaa, baridi na uchovu. Lakini waliotumwa kuwatafuta walilikuta hema lingali limesimama.

Sasa uzito. Piramidi yenye kitako cha mita 3 kwa 3 na kimo cha mita 1.6 inalaza wazazi wawili na watoto wawili, na mtu anaweza kuvaa suruali akiwa amepiga magoti, jambo ambalo ni la heshima kuliko kuivaa umelala. Kitambaa chake hakizidi sana mita 13 za eneo. Kikiwa ni nailoni nyembamba iliyopakwa silikoni, ya gramu 50 kwa mita ya eneo, ni kama gramu 650. Kikiwa ni plastiki iliyofumwa ya sokoni, ya gramu 100, ni kilo 1.3. Kikiwa ni turubai la kitani la lori, la gramu 400, ni kilo 5 na ushei. Hilo liache kwenye lori.

Wapinzani wangu wana hoja mbili nzito na sitazikwepa. Ya kwanza ni siafu. Piramidi haina sakafu, na siafu hawaombi ruhusa. Dawa ni kukagua mahali kabla jua halijazama, kutandika plastiki, kisha kuning'iniza chandarua kutoka kileleni na kupenyeza pindo zake chini ya plastiki ile. Je, hili ni sawa na sakafu iliyoshonwa? Hapana, ni pungufu. Lakini sakafu ile ni sehemu ya uzito unaowabakiza watoto nyumbani.

Ya pili ni unyevu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu wa mlimani huingia hata pasipo mvua. Paa la kitambaa kimoja hutoa jasho ndani, na alfajiri ukiligusa kwa kichwa utaoga. Kwa hiyo acha nafasi ya kiganja kati ya pindo na ardhi, acha tundu kileleni, na usilale ukiegemea ukuta. Wala usiende Aprili. Nenda Septemba.

Kuhusu bei, hema la dukani ni la mwenye duka, lakini piramidi ni ya fundi cherehani yeyote. Nunua mita 9 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Kata vipande vinne vya mita 2.2, kila kimoja kipasue kutoka pembe hadi pembe; viwili vipasue kuelekea kulia na viwili kushoto, la sivyo upande uliopakwa dawa utatokea ndani katika nusu ya paa. Pembetatu mbili zikiunganishwa kwa ule upande wa mita 2.2 hufanya ukuta mmoja. Kingo zilizokatwa mshazari huvutika, basi fundi azishonee utepe mgumu toka kileleni hadi pembeni, na kipande kitakachobaki kitoshe kukazia kilele, mahali mwanzi unaposukuma.