Taifa Lisilohesabu Wafu Wake



Tarehe 15 Januari 2016, kabla ya mapambazuko, wapiganaji wa al-Shabaab waliivamia kambi ya El Adde, katika eneo la Gedo nchini Somalia. Walioilinda ni vijana wa Batalioni ya 9 ya Kenya Rifles, ambayo maskani yake ni Moi Barracks, Eldoret. Walikuwa huko chini ya AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika. Kambi ilitekwa. Tangu siku ile hadi leo, serikali ya Kenya haijawatangazia wenye nchi ni wana wao wangapi waliouawa.

Sisi wa Kiplombe hatuwezi kulitazama jambo hili kama habari ya ugenini. Kuruti wa jeshi la Kenya hufunzwa papa hapa Eldoret. Siku ya gwaride la kufuzu, wazazi hufika kutoka pembe zote za nchi, wakiwa wamevaa nguo zao za sherehe, kumtazama mtoto waliyemlea kwa kibarua na kwa shamba la kukodi akipiga saluti mbele ya Rais. Tarehe 27 Januari 2016 kambi hiyo hiyo iliwapokea wazazi wa namna nyingine. Marais watatu walikuja kuwafariji: Uhuru Kenyatta, Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Muhammadu Buhari wa Nigeria. Sala zilisomwa na hotuba zikatolewa. Idadi ya marehemu haikutolewa.

Hebu tulitafakari hili. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Samson Mwathethe, aliliambia taifa kwamba mabomu yaliyotumiwa El Adde yalikuwa na nguvu mara tatu ya lile lililobomoa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Kumbe vipimo vilikuwapo! Wakubwa waliweza kuupima mlipuko uliotokea ng'ambo ya mpaka, lakini wakashindwa kutangaza hesabu ya askari waliowapa namba, bunduki na mshahara wao wenyewe. Jeshi lisilojua lilikuwa na watu wangapi kambini haliko duniani. Idadi inajulikana. Imefichwa.

Ndiyo maana tumelazimika kuokota habari za watoto wetu midomoni mwa wageni. Februari 2016 Rais wa Somalia alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba waliokufa walikaribia mia mbili. Wakuu wa Kenya wakakanusha, ila hawakutaja idadi yao. Mwezi Mei mwaka huo kituo cha CNN cha Marekani kikaripoti kwamba waliokufa hawapungui 141. Nyumbani, mwandishi Yassin Juma alikuwa amekwisha kukamatwa mwezi Januari kwa yale aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo. Walimwengu wameifanyia mzaha lugha yetu wakisema serikali ni siri kali. Mzaha huo umegeuka kuwa maelezo kamili.

Tutaambiwa kwamba idadi ikitajwa adui atafaidika. Adui yupi? Adui alikuwa pale. Alitembea kati ya maiti, akawapiga picha, akazitangaza duniani kote. Asiyejua ni mama aliyeko kijijini. Siri hii haikuwekwa dhidi ya al-Shabaab, iliwekwa dhidi yake. Na kama kunyamaza ndiyo hekima ya vita, mbona Uganda, ambayo hakuna anayeisifu kwa uwazi, ilitamka? Kambi yake ya Buulo Mareer iliposhambuliwa tarehe 26 Mei 2023, Rais Museveni alitangaza mwanzoni mwa Juni kwamba askari 54 wameuawa. Jeshi la Uganda halikuanguka kwa kutamka hivyo.

Katiba tuliyoipigania tangu siku za kudai vyama vingi, tukaipata mwaka 2010, haikuacha nafasi ya kigugumizi. Ibara ya 35 inaiamuru Dola kuchapisha na kueneza habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Ibara ya 240 inataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje kwa kazi za kulinda amani. Bunge litaidhinishaje kwa busara safari ambayo gharama yake ya damu halijawahi kuonyeshwa? Na kwa familia ambayo haikupewa mwili wa kuzika, sheria ya ushahidi inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 huchukuliwa kuwa amekufa. Miaka 7 bila tanga wala kaburi, wala neno la hakika la kuwaambia watoto!

Wachungaji wetu, neno hili ni lenu pia. Katika Maandiko, makamanda waliotoka vitani dhidi ya Midiani walimwendea Musa na hesabu ya askari wao, mmoja mmoja, bila kuamriwa. Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret hakungoja ruhusa kusema lililokuwa kweli, hata waziri alipomtishia asikanyage Busia. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa barabarani akirudi. Mimbari aliyoiacha isitumike kusoma sala za waliokufa huku ikiogopa kuuliza ni wangapi.

Wakoloni nao walifanya vivyo hivyo. Makarani wao waliandika majina ya maofisa, wakawazika wapagazi wa Kariakoo kwa jumla. Mwaka 2021, baada ya karne nzima, Uingereza iliomba radhi kwa Waafrika na Waasia waliofia vita vyake bila kuandikwa majina. Je, Kenya huru nayo yangoja karne?

Tunadai, basi, majina yote ya waliouawa El Adde yachapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, pamoja na umri na kaunti ya kila mmoja, baada ya familia zao kuarifiwa. Tunadai uchunguzi wa jeshi kuhusu shambulio hilo uwekwe mezani Bungeni. Kila kanisa na kila kikundi kimwandikie mbunge wake kabla ya tarehe 15 Januari ijayo, na nakala ya barua isomwe kwa sauti Jumapili, mbele ya ushirika wote.