Kigae kisipasuke kwa kubania ncha ya keekee

Fedha za kahawa zinapoingia, wengi Karagwe na Kyerwa hujenga, na bafu la vigae si anasa tena. Kasoro huja siku ya mwisho, fundi anapotoboa ukuta ili afunge kioo au shawa. Anatumia ncha ya zege, keekee ikiwa kwenye mtikiso wa nyundo, na kigae kinapasuka.

Hasara hiyo si ndogo. Viwanda vya vigae vya Mkuranga na Chalinze viko mkoani Pwani. Mzigo huvuka nchi nzima kufika Kayanga, na usafiri huo uko ndani ya bei. Maduka mengi huuza kwa boksi, na rangi ya boksi jipya huenda isilingane. Ukiacha ufa, maji yanapenya nyuma ya kigae.

Dawa ipo. Kigae laini kinataka ncha ya mkuki. Cha porseleni, ncha ya almasi. Bandika selotepu ncha isiteleze, zima mtikiso, toboa polepole huku ncha ikipozwa kwa maji kidogo yasiyofika kwenye mashine. Ukifika kwenye tofali, rudisha ncha ya zege.

Mkulima na fundi hawana budi kuandikiana mapema: nani ananunua ncha, na nani analipa kigae kikipasuka. Wenye maduka ya vifaa nao wakodishe ncha ya almasi kwa siku, kwani fundi hawezi kuinunua kwa kazi ya matundu manne. Jasho la kahawa lisipotelee kwenye tundu la skrubu.