Mfuko wa Hewa wa Milioni 19

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa kwenye ugomvi wa kifamilia, na kwa kuwa ugomvi wenyewe unahusu jambo ambalo naona linaanza kushika kasi hapa mjini, nimeamua kuuanika. Watakaonuna wanune.

Mambo yalianza hivi. Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye usonji. Mwezi uliopita, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ikatumwa picha ya kitu kama hema refu lenye zipu na vidirisha vya plastiki. Mtoto wa Kizungu amelala ndani, ana tableti mkononi, anatabasamu. Chini yake maelezo: tiba ya oksijeni ya haipabariki, sasa unaweza kuifanya nyumbani kwako. Bei shilingi milioni 19 pamoja na kompresa na mashine ya oksijeni, tunaleta mpaka mlangoni. Kisha ikafuata orodha ya michango. Mama mkubwa wa Mbeya ameanza na laki mbili. Shemeji ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chake cha Kigamboni. Jina langu lilikuwa la nne, na pembeni yake nafasi tupu.

Nafasi hiyo bado ni tupu. Nimeitwa mchoyo, nimeitwa msomi anayejifanya anajua kuliko madaktari, na mzee mmoja wa ukoo kaniuliza kama nina neno na huyo mtoto. (Mnajua maana ya swali hilo.) Kwa hiyo naandika, nao wasome.

Kwanza niwe mkweli: tiba yenyewe si uganga. Mgonjwa anaingizwa kwenye chemba (si hizi zetu za maji machafu), tangi la chuma au la plastiki nene, presha ya hewa inapandishwa mpaka mara mbili au tatu ya ile ya kawaida, na anavuta oksijeni karibu tupu. Kinachofanyika ni kile kile cha kiwanda cha soda: ukiisukuma gesi kwa nguvu, inayeyuka ndani ya maji. Siku zote oksijeni yetu karibu yote inabebwa na chembe nyekundu za damu, lakini ndani ya chemba nyingine inayeyuka moja kwa moja kwenye majimaji ya damu. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa Amsterdam, Ite Boerema, alionyesha kuwa nguruwe walioondolewa karibu chembe zao zote nyekundu waliweza kubaki hai ndani ya chemba yenye presha mara tatu. Hilo si jambo dogo.

Na kazi yake ipo. Mzamiaji aliyepanda juu haraka mno, damu yake ikatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, dawa yake ni kurudishwa kwenye presha. Mtu aliyelala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, akaokolewa na sumu ya kaboni monoksidi imo mwilini, anaweza kuhitaji chemba. Kidonda cha kisukari kilichogoma mguuni. Mfupa ulioharibiwa na mionzi ya saratani. Chama cha wataalamu wa tiba hii chenye makao Marekani, UHMS, kina orodha ya matatizo ambayo tiba hii inakubalika. Nimeisoma yote, mara mbili, nikitafuta usonji. Haumo. Mtindio wa ubongo haumo, na kuzeeka pia haumo.

Sasa tuje kwenye ule mfuko. Hapa naomba mnivumilie, kuna hesabu kidogo, ila ni ya darasa la saba.

Mifuko hii laini mingi hufika presha ya 1.3, yaani mara moja na theluthi hivi ya hewa tuliyomo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Zidisha 21 kwa 1.3, unapata kama 27. Maana yake, mtoto aliyelala ndani ya mfuko uliojazwa kwa kompresa tu anapata oksijeni sawa na mtu aliyekaa kwenye kochi akivuta hewa yenye asilimia 27. Muuguzi yeyote atakwambia kwamba ule mrija mwembamba wa puani, ukifunguliwa lita mbili kwa dakika, unakupa karibu 28. Milioni 19 zimeshindwa na mrija!

Kama hiyo haijakuingia, chukua hii. Mimi nimezaliwa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari. Pale presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar es Salaam. Aliyepanda basi Mbeya alfajiri na kushuka Dar usiku, presha inayomzunguka imepanda kwa karibu asilimia 20. Mfuko unaahidi 30. Nilipofika stendi ya Ubungo mara ya kwanza, nikiwa na begi moja na kuku wa shangazi kwenye kikapu, kumbe nilikuwa nimeshapata sehemu kubwa ya tiba, kwa nauli ya kawaida na chipsi za Mafinga juu. Kuna watoto wenye usonji Mbeya, na wapo Dar. Kuna aliyeona tofauti?

Mifuko ya aina hii iliruhusiwa Marekani kwa kazi moja tu: ugonjwa wa mlimani. Ule unaobebwa na wapanda milima unaitwa Gamow bag, kwa jina la mwanasayansi aliyeubuni, na baadhi ya kampuni zinazopandisha watalii Kilimanjaro hubeba. Mtu akizidiwa huko juu anafungiwa ndani, mwenzake anapampu kwa mguu, na kwa presha hiyo ni kama ameshushwa zaidi ya mita elfu moja bila kutembea. Ni kifaa kizuri sana. Ila mpwa wangu anaishi Tabata.

Muuzaji nilimpigia simu. (Ndiyo, nilijitambulisha kuwa ni mwandishi.) Akasema hesabu yangu ni ya kizamani, wao wanaongeza mashine ya oksijeni na barakoa. Nikamuuliza kama anajua kwamba hapo tayari ametoka nje ya kile ambacho mfuko uliruhusiwa kufanya, maana uliruhusiwa kwa hewa ya kawaida. Akaniambia kuna utafiti wa Israel unaothibitisha kwamba tiba hii inarudisha ujana. Utafiti huo upo, ulitoka mwaka 2020. Walikuwa wazee 35, vikao 60, presha mara mbili kamili, oksijeni asilimia 100, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Kutumia utafiti ule kuuza mfuko wa 1.3 kwa ajili ya mtoto wa miaka sita ni kama kumwonyesha mteja picha za Land Cruiser halafu ukamkabidhi bajaji.

Kwenye usonji wenyewe wala hatuko gizani. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watoto 62 uliosema presha ya 1.3 yenye oksijeni asilimia 24 inasaidia, na huo ndio wauzaji wanaoukumbatia mpaka leo. Baadhi ya waandishi wake walikuwa wakiitoa tiba hiyo hiyo kwa malipo. Mwaka uliofuata kundi jingine likajaribu presha ile ile na kiwango kile kile cha oksijeni, likawalinganisha na watoto waliowekwa kwenye chemba ya danganya toto. Hakukuwa na tofauti. Agosti 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wake wasidanganywe na matangazo ya tiba hii kwa usonji. Mwaka 2016 wachambuzi wa Cochrane wakapitia ushahidi na kusema hakuna unaoonyesha kuwa inafaa. Hayo yote yako wazi, bure, kwa yeyote mwenye bando.

"Lakini kuna mama mtoto wake alianza kuongea baada ya vikao 40." Hili ndilo jibu ninalopewa kila siku, na simcheki huyo mama. Jiulizeni tu kilichofanyika ndani ya vikao 40. Kila siku, saa nzima, mama amelala na mwanawe sehemu ndogo, televisheni haipo, wageni hawapo, anamwimbia, anamwambia majina ya vitu. Wakati huo huo mtoto anakua. Huo mfuko ukiutoa kabisa kwenye picha, ukaacha mama na saa yake moja, unadhani nini kitapungua?

Basi hapo mtu ananiambia: hata kama haisaidii, haina madhara, oksijeni ni uhai. Hapa ndipo nilipogombana na shemeji kabisa.

Oksijeni haiwaki yenyewe. Inafanya kila kitu kingine kiwake, na kwa kasi ambayo hujawahi kuiona jikoni kwako. Mwaka 1967 wanaanga watatu wa Apollo 1 waliteketea wakiwa bado ardhini, kwa sababu chombo chao kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu. Mwaka 1997 chemba ya hospitali moja ya Milan, Italia, iliwaka na kuua watu 11. Na Januari 31, 2025, mjini Troy, jimbo la Michigan, mtoto wa miaka mitano aliungua mpaka kufa ndani ya chemba ya kituo cha binafsi. Mama yake aliumia akijaribu kumtoa. Watu wanne wa kituo kile walishitakiwa Machi mwaka huo huo. Mtoto alikuwa anapelekwa pale kwa ajili ya tatizo la pumzi usingizini na ADHD, na yote mawili hayamo kwenye ile orodha.

Miaka mitano, jamani. Huyu wetu ana sita.

Na hizo zilikuwa chemba zenye wahudumu na taratibu. Sisi tunazungumzia mfuko sebuleni Tabata. Barakoa ya mtoto asiyependa kushikwa usoni itatulia? Ikivuja, oksijeni inajaa ndani ya mfuko wenye shuka, nywele na nguo. Kwenye picha ya tangazo amepewa tableti yenye betri, na wameiweka kama kivutio! Umeme ukikatika (na mnajua tunapoishi), kompresa inazima, hewa mpya haiingii, na mtoto anaanza kuvuta hewa ukaa aliyoitoa mwenyewe mpaka mtu akumbuke kufungua zipu. Na masikio. Presha ikipanda, mtu mzima anameza mate au anabana pua. Ngoma ya sikio ikianza kuuma anagonga, anafunguliwa. Mpwa wangu hasemi. Akilia, watasema ni usonji.

Nimesema ya wauzaji. Sasa niseme ya kwangu, maana nisiposema mimi, dada atasema kwenye maoni hapo chini.

Mwaka 2020 nilikuwa naandika ukurasa wa burudani wa gazeti ambalo sitalitaja. Mfululizo wa Seasons wa Justin Bieber ulikuwa umetoka, na ndani yake anaonekana akitumia chemba ya oksijeni. Mhariri alitaka maneno 200 kabla ya saa kumi. Nikaandika. Na kwa mkono wangu nikaongeza kwamba tiba hiyo "husaidia ubongo kufanya kazi vizuri". Sikumpigia daktari hata mmoja. Ilinichukua dakika 20, nikaenda kula.

Dada aliikata ile habari akaihifadhi. Mwanawe alikuwa bado mchanga, hakuna aliyejua lolote. Baada ya vipimo akakumbuka. Nilipokataa kuchanga, alinitumia picha ya kipande kile chenye jina langu juu, bila neno lolote. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, sijawahi kupokea barua ya msomaji iliyoniuma kama ile picha.

Kwa hiyo msinione nanyoosha kidole kwa Mchina aliyeshona mfuko. Mnyororo una watu wengi: mwanamichezo anayejipiga picha ndani ya chemba, mwandishi mwenye haraka, jamaa wa Kariakoo anayeleta kontena. Mwisho wa mnyororo yuko baba anauza kiwanja. Halafu kuna hili linalonikera peke yake: Februari 2025 tume ya jarida la Lancet Global Health ilionyesha kuwa kati ya watu 100 wanaohitaji oksijeni ya matibabu katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama 70 hawaipati. Hiyo ni ya kawaida, ya mtungi na mrija, ya kichanga mwenye nimonia. Sisi tumeirukia ya sebuleni.

Shemeji ameniuliza swali moja la haki: wewe unatoa nini badala yake? Sina muujiza. Najua milioni 19 ni vikao vingi mno na mtaalamu wa matamshi. Ni mwalimu wa kumfundisha kuomba maji kwa kadi za picha. Ni dada kupunguza siku za kazi awe naye ile saa moja, kwenye mkeka, madirisha wazi. Hata nusu ya fedha hiyo.

Jumapili tuna kikao cha ukoo Tabata, na kiwanja bado hakijauzwa. Laki tatu zangu ziko kwenye simu, sijazitumia. Mwenye namba ya mtaalamu wa matamshi anayepokea watoto hapa Dar na ambaye foleni yake si ya miezi sita, aniandikie kabla ya hapo.