Injini mpya kwa pikipiki kuukuu: Kasoro huanzia kwenye cheche

TANGU serikali ilipoondoa ushuru wa ziada ya thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo ya cc 250 mnamo 2008, vyombo hivi vimefika hata katika vijiji ambavyo havijawahi kuona matatu. Nyingi za zile zilizonunuliwa miaka hiyo zimezeeka. Fremu zingali imara, lakini injini zimechoka.

Mwenye pikipiki ya aina hiyo ana njia mbili. Anaweza kukopa anunue mpya, ambayo bei yake imebeba pia ushuru wa bidhaa ulioanza kutozwa pikipiki mwishoni mwa 2015. Au anaweza kutafuta injini nyingine, ya juzijuzi na yenye nguvu zaidi, aifunge kwenye fremu ile ile ya zamani. Wahudumu wengi wa bodaboda huchagua njia ya pili, na mwandishi huyu hawalaumu.

Tatizo ni kwamba injini ikishaketi vyema kwenye fremu, watu hudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo hasara huanzia.

Chukua mfano wa Honda CG125, pikipiki iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1976 na ambayo muundo wake umeigwa mno na viwanda vya China. Kwa sababu ya kuigwa huko, injini ya Kichina ya cc 150 mara nyingi hukubali matundu ya bolti ya fremu hiyo bila ubishi mkubwa. Lakini matoleo ya awali ya CG125 yalikuwa na umeme wa volti 6, na cheche yake ilitawaliwa na platini. Injini ya leo hutumia kisanduku kidogo cha kielektroniki kiitwacho CDI. Bolti zimekubaliana, umeme haujakubaliana.

Hata miongoni mwa injini zinazotumia CDI, undugu ni wa jina tu. Kuna CDI ya AC, ambayo hupata umeme wake moja kwa moja kutoka kwa koili iliyo ndani ya injini, nyuma ya gurudumu la sumaku ambalo mafundi huliita magneto. Umeme huo huweza kupita volti 100 kwa urahisi. Kuna pia CDI ya DC, ambayo hulishwa volti 12 na betri kisha huzikuza yenyewe. Visanduku hivi viwili huweza kufanana kwa umbo na rangi, na wakati mwingine hata soketi zao huingiliana. Ukiipa ya AC volti 12 za betri, cheche haipatikani. Ukiipa ya DC umeme wa koili ile ya ndani, huenda ikaungua kabla hujarudisha kiti mahali pake.

Namna ya kuzima injini nayo ni tofauti. Katika mfumo wa AC, ufunguo ukizimwa huunganisha waya wa CDI na bodi ya pikipiki, umeme ukamwagika ardhini na cheche ikafa. Katika mfumo wa DC, ufunguo ukizimwa hukata umeme unaoingia. Sasa fikiria fundi aliyeunganisha CDI ya DC na betri moja kwa moja, kisha akaurukia waya wa zamani wa kuzimia na kuufunga papo hapo. Siku mwenyewe anapozima pikipiki yake, umeme wote wa betri unakimbilia kwenye bodi. Kama kuna fyuzi, itakatika. Kama fyuzi iliondolewa na mahali pake pakawekwa kipande cha waya, jambo linaloonekana mno katika gereji zetu, waya zitaungua chini ya tangi la petroli.

Hayo ni makosa yanayojitokeza mara moja. Yaliyo mabaya zaidi ni yale yasiyoonekana.

Gurudumu la sumaku lina kinundu kwa nje. Kinapopita mbele ya koili ndogo iitwayo pikapu, CDI hupata ishara na kujua pistoni iko wapi. Urefu wa kinundu hicho, mahali kilipo, na mpangilio wa waya za pikapu hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine, na CDI hutengenezwa kwa hesabu ya injini fulani. Kwa kawaida cheche ya injini hizi ndogo hutangulia kilele cha pistoni kwa digrii kati ya 10 na 15 injini inapotulia, kisha husogezwa hadi karibu 30 mwendo unapoongezeka.

Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sehemu moja ya 100 ya sekunde. Kosa la digrii 20 ni sawa na sehemu moja ya 1,800 ya sekunde. Hakuna jicho wala sikio la kupima hilo. Hata hivyo, fundi hutoa plagi, huigusisha na kichwa cha injini, hupiga kiki, huona cheche ya buluu na kutangaza kwamba kazi imekamilika. Alichothibitisha ni kuwa cheche ipo. Kama imekuja kwa wakati wake, hajui.

Cheche ikitangulia mno, kiki hurudi nyuma na kumwumiza mpigaji mguu, injini hugonga ikibeba mzigo mlimani, na pistoni huweza kutoboka. Ikichelewa, bomba la moshi hupata moto kupita kiasi, nguvu hupotea na petroli huliwa. Mhudumu anayelipa mwenye pikipiki kila jioni hatasema cheche yake imechelewa. Atasema siku hizi petroli haikai. Wiki chache baadaye atanunua kabureta asiyoihitaji.

Je, lawama ni ya fundi? Kwa kiasi. Lakini fundi wa jua kali huuziwa CDI iliyo ndani ya karatasi ya plastiki isiyo na maandishi yoyote ya maana. Haielezi kama ni ya AC au DC, wala ni ya injini gani, wala digrii zake. Katika maduka ya vipuri, muuzaji hulinganisha idadi ya pini za soketi na kusema inaingia. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lina uwezo wa kisheria wa kudai lebo kwa bidhaa zinazoingia nchini. Kudai maneno manne juu ya kisanduku cha CDI si kazi ya miujiza.

Upande wa usajili nao una upungufu. Sheria ya Trafiki humtaka mwenye chombo kuarifu inapobadilishwa injini, ili cheti cha usajili kilingane na nambari iliyo kwenye chuma. Utaratibu huo ni wa maana, hasa kwa sababu ya wizi wa pikipiki, na anayeupuuza huipa kampuni ya bima mwanya wa kumsumbua siku ya ajali. Lakini nambari ikilingana, swali limekwisha. Mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, ingefaidi wengi kama mkaguzi wa injini iliyobadilishwa angetazama pia fyuzi, waya na majira ya cheche. Taa ya kupimia majira hayo ni kifaa kidogo, na alama ya F imechongwa kwenye gurudumu la sumaku la injini nyingi za aina hii kwa kazi hiyo hasa.

Kwa sasa, anayetaka kubadilisha injini na asikose usingizi ainunue pamoja na gurudumu lake la sumaku, pikapu yake, CDI yake, koili yake na, ikiwezekana, waya zake zote hadi kwenye ufunguo. Muuzaji atataka pesa zaidi. Aulizwe pia kama injini ilikuwa ya volti 12, na rekta ya kuchajia betri itoke pikipiki hiyo hiyo.

Haja ya kufanya hivyo itazidi. India, ambako pikipiki nyingi za bodaboda hutengenezwa, ilianza kutekeleza viwango vya moshi vya BS-VI mnamo Aprili 2020, na pikipiki nyingi za soko lake la ndani zikahamia mfumo wa kunyunyiza petroli kwa kompyuta. Gurudumu la sumaku la injini hizo huwa na meno mengi badala ya kinundu kimoja. CDI ya kawaida, iliyozoea ishara moja kwa kila mzunguko, haiwezi kuyasoma. Injini ya namna hiyo ikiuzwa bila kompyuta yake, vihisio vyake na pampu yake ya petroli, hakuna fundi wa Kirinyaga Road atakayeiwasha kwa kubahatisha waya.