Makumbusho Hukumbusha, Msitu Huhifadhi

Hazipiti siku nyingi pasisikike habari ya misitu ya Nairobi. Leo kipande kimemegwa, kesho wakazi wameandamana, keshokutwa mawakili wako mahakamani. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Karura, pale Shirika la Huduma za Misitu na jumuiya ya wananchi inayoshiriki kuutunza msitu ule walipobishana juu ya nani akusanye ada za kiingilio. Sisi watu wa pwani aghalabu huzisoma habari hizo kama mambo ya bara, kisha tukafunua ukurasa wa pili kutafuta ya Mombasa na Lamu. Lakini mambo hayo ni yetu pia, na ushahidi umewekwa katika jumba la Makumbusho ya Taifa, papo hapo Nairobi.

Mgeni wa pwani aliyeswali adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, akishika njia ya kuelekea Chuo Kikuu na kuvuka mto Nairobi, hufika kilima cha Makumbusho kwa miguu yake, alasiri bado. Nyumba hii ina umri. Mwaka 1909 walowezi waliopenda elimu ya ndege na mimea waliunda chama chao, na mwaka uliofuata wakafungua mahali pa kuwekea walivyovikusanya. Jumba lililoko kilimani lilifunguliwa mwaka 1930, likapewa jina la Coryndon, gavana aliyefariki mwaka 1925. Baada ya Uhuru likaitwa Makumbusho ya Taifa. Humo mna ndege waliojazwa pamba, vipepeo waliochomwa pini, na mifupa ya yule kijana wa Turkana iliyofukuliwa mwaka 1984. Juu ya mifupa hiyo pana ubishi wa itikadi, na wanazuoni wana kauli zao. Leo hatuingii humo. Tulitakalo leo ni habari ya tembo.

Uani pamesimama mfano wa tembo mwenye jina la Kiislamu, Ahmed. Alikuwa tembo wa mlima Marsabit, mwenye pembe ndefu ajabu. Mwaka 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba asiguswe, akawekewa walinzi. Alipokufa kifo chake mwenyewe mwaka 1974, masalio yake yaliletwa Nairobi. Hapana shaka ilikuwa heshima kubwa kwa mnyama. Lakini tazama yaliyowapata wenziwe ambao hawakupata amri. Mwaka 1973 tembo wa Kenya walikisiwa kuwa 167,000. Kufikia mwaka 1989 hawakuzidi sana 16,000. Mwezi Julai mwaka huo Rais Moi alitia moto tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia. Amri iliyomlinda mmoja haikuulinda umma wake. Wala tusiseme hayatuhusu. Ile siwa ya Pate, fahari ya Makumbusho ya Lamu, ni pembe iliyochongwa, na bandari zetu zilipakia pembe karne nyingi kabla ya reli kujengwa.

Ahmed ametupa somo. Makumbusho, kama jina lake lilivyo, hukumbusha. Hayawezi kumrudishia uhai aliyekwisha. Mwenye kuhifadhi hasa ni msitu na nyika. Kilichomo kabatini kina faida maadamu mwenziwe yuko hai nje. Akiisha wa nje, kabati huwa kaburi la kioo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa mimea. Hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa iliyoko kwenye Makumbusho haikuzaliwa Nairobi. Wajerumani waliianza mwaka 1902 huko Amani, ndani ya msitu wa Usambara juu ya Tanga, na mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi. Majani yalihama, miti ikabaki. Kwa bahati njema, msitu wa Amani nao ulitangazwa hifadhi mwaka 1997, na kwa hiyo mwanafunzi anaweza hata leo kulilinganisha jani la karatasini na mti wenyewe ulio hai.

Sasa tutoke kilimani tuelekee magharibi ya jiji, kwa njia ya Ngong. Hapa ndipo penye donda. Msitu wa Ngong Road ulipotangazwa hifadhi mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Uliobaki haufiki nusu yake. Uwanja wa mbio za farasi umekula sehemu yake, viwanja vya maonyesho vya Jamhuri sehemu yake, wajenzi nao wakafuata, hata barabara kuu ya kusini ya kuzunguka jiji ikapita humo humo. Hakuna aliyeubomoa msitu huo kwa siku moja. Kila mmoja alikata kidogo, na kila mmoja alikuwa na sababu iliyosikika njema.

Pale ambapo misitu ya Nairobi ilipona, ilipona kwa sababu pana watu waliokataa. Mwaka 1989 marehemu Wangari Maathai alipinga ghorofa 60 zisisimamishwe katika bustani ya Uhuru, katikati ya jiji, na hazikusimamishwa. Mwezi Januari 1999 alipigwa na kutoka damu penye lango la Karura alipokwenda kupanda miche. Msitu upo hadi leo.

Na sisi je? Pwani tuna Arabuko-Sokoke, kadiri ya kilomita 420 za mraba. Humo huishi yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye elimu ilimwandika mwaka 1966 tu, na ambaye nje ya hapo hupatikana chini ya milima ya Usambara. Humo pia yumo sange mwenye kiuno cha dhahabu, ambaye karibu hana kwao kwingine duniani. Akitoweka huyo, watoto wetu watapanda basi hadi Nairobi kumtazama aliyejazwa pamba.

Kadhalika tuna kaya za Wamijikenda. Hapa yafaa Makumbusho yapewe haki yao. Tangu mwaka 1992 misitu ya kaya imekuwa ikitangazwa kumbukumbu za taifa chini ya ulinzi wa Makumbusho, na mwaka 2008 baadhi yake iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo kazi bora kuliko kabati zote za kilimani, maana hapo Makumbusho yameufuata mti mahali ulipoota. Najua wapo watakaosema kwamba kaya ni mahali pa mila zisizo zetu. Mila ni ya wenyewe. Mti, ndege na chemchemi ni vya Mola, na sisi tumepewa amana. Aliyekaa chuoni anakumbuka kuwa hudihudi ndiye aliyemletea Nabii Suleiman habari, na kuwa kunguru ndiye aliyemfundisha mwana wa Adamu kuzika. Mtume wetu (S.A.W.) ametusifia kupanda mti.

Kwa hiyo maimamu wetu, walimu wa madrasa na madiwani wana la kufanya. Kipande cha kaya au cha Arabuko kikitajwa kuuzwa, wasingoje habari ifike Nairobi. Waulize hati iko wapi, nani ametia saini, na msitu utabaki kiasi gani. Watoto wapelekwe Gede na Arabuko kabla ya kupelekwa kilimani kwa Ahmed.

Wahenga wa pwani walituusia tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Barabara, hoteli na ghorofa ni misala. Mbacha ni msitu, na ukichanika hauna fundi wa kuusuka tena.