Mguu wa Mzee si Jambo la Kawaida



Kila Alhamisi Kuu tunamwona padre akipiga magoti na kuosha miguu ya waamini wenzetu. Hatumsikii akiuliza kwanza kama mguu una ugonjwa wa kutosha. Lakini Medicare, bima ya serikali kwa wazee na baadhi ya walemavu hapa Marekani, huuliza hivyo, na wazee wa jumuiya zetu hubeba gharama ya swali hilo.

Bima hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Mabadiliko ya mwaka 1967 yaliondoa katika malipo yake kile kilichoitwa utunzaji wa kawaida wa miguu: kukata kucha, kuondoa sugu na usafi mwingine wa miguu. Watetezi wa sheria husema kwamba kukata kucha ni kazi ya mtu mwenyewe. Hoja hiyo yamfaa kijana. Mzee mwenye kisukari, ambaye macho yamefifia na nyayo zimekufa ganzi, hujikata bila kusikia. Jeraha huwa kidonda, kidonda huoza, na mwisho wake huweza kuwa msumeno wa daktari. Hapo Medicare hulipa. Iliyokataa kulipia kukata kucha hulipia kukata mguu! Je, huo ndio uwekevu? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ni haki kukiri kwamba sheria ina mlango. Mwenye kisukari, au ugonjwa wa mishipa ya damu au ya fahamu miguuni, aweza kulipiwa ikiwa kuhudumiwa na asiye mtaalamu kungemhatarisha. Lakini tazameni ushahidi unaotakiwa. Dalili zimepangwa katika madaraja matatu. Ya daraja la kwanza, inayotosha peke yake, ni kwamba sehemu ya mguu imekwisha kukatwa kwa sababu ya ugonjwa. Za daraja la pili, kama mapigo ya damu kutosikika mguuni, zatakiwa mbili. Za daraja la tatu, kama uvimbe, ubaridi na kuwaka moto, zatakiwa mbili pamoja na moja ya daraja la pili. Daktari wa miguu huzionyesha katika madai kwa alama Q7, Q8 au Q9. Alama ikisahauliwa, madai hukataliwa, na bili humfikia mzee.

Dhuluma basi ni mbili: sheria inayomngoja mgonjwa aharibike, na ukimya unaomnyima hata haki aliyo nayo. Hiyo ya pili imo mikononi mwetu. Viongozi wa jumuiya, ulizeni: Je, mzee mwenye kisukari ameonwa na daktari anayemtibu katika miezi 6 iliyotangulia? Je, daktari huyo na tarehe hiyo vimeandikwa katika madai? Je, dalili zake zimeandikwa? Je, siku 60 zimepita tangu huduma iliyotangulia? Tena, tangu mwaka 2002, aliyepoteza hisia nyayoni kwa kisukari ana haki ya kupimwa miguu kila miezi 6, mradi hajamwona mtaalamu wa miguu kwa sababu nyingine katikati. Sehemu yake ni asilimia 20, baada ya kutimiza kiasi cha awali cha mwaka.

Madai yakikataliwa, asikimbilie kulipa. Aiombe kliniki isahihishe madai, au akate rufaa ndani ya siku 120 tangu kupokea taarifa. Washauri wa SHIP wapo katika kila jimbo la nchi hii, nao hawatozi malipo. Walio katika mipango ya kampuni binafsi wasome masharti ya mipango yao.

Lakini kumfundisha mnyonge kupita katika mlango mwembamba hakutoshi; yatupasa kudai mlango upanuliwe. Waandikieni wabunge na maseneta wenu kwamba neno la daktari, kuwa mzee huyu ana kisukari na ganzi, litoshe, kabla kidole hakijakatwa. Wasiojua kuandika Kiingereza wasaidiwe na vijana wa parokia.

Bwana hakungoja mguu uoze ndipo ajifunge kitambaa. Nasi tusingoje.

Tume ya Haki na Amani